Nijiunge na ipi? Historia ya watu wa laini mbili

Leo naomba tuzungumzie swali la maneno matatu tu: "Nijiunge na ipi?"

Swali hili nimelisikia sana Makumira, pale chuoni na kwenye vibanda vya barabarani kuelekea Usa River, tangu mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025. (Wengi wetu bado tunauita Twitter, na humu nitauita hivyo kwa mazoea.) Mnakumbuka ilivyokuwa. Akaunti ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa, yakaandikwa mambo ya uongo, na muda si mrefu watu wakaanza kuulizana mbona Twitter haifunguki. Baadaye waziri mwenye dhamana akasema tatizo ni maudhui ya ngono. Haya.

Kwa mwandishi wa habari hilo si jambo dogo. Ni kama mchuuzi wa ndizi afike Tengeru siku ya soko akute geti lina kufuli. Mawakili, wanaharakati, wabunge, wachambuzi wa bajeti, wote ulikuwa unawakuta mlemo. Ndipo wachache wetu tukaanza kuambizana: jamani, si ipo Mastodon? Ile haina mwenyewe mmoja. Haina ofisi moja ya kupigiwa simu, wala tajiri mmoja wa kuamka asubuhi akabadili kila kitu.

Niliwaonyesha wanafunzi watatu wa sheria. Wakafungua ukurasa, wakaambiwa wachague seva, wakaona orodha ndefu ya majina wasiyoyajua. Mmoja akauliza, "Kaka, sasa nijiunge na ipi?" Nikaanza kueleza. Nilipofika dakika ya nne nikaona macho yamehama. Jioni yake wote watatu walikuwa na VPN kwenye simu, na hapo TCRA ilishatangaza tangu Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajiorodheshe.

Sasa, maelezo ya kawaida ya jambo hili, na nimeyasikia kwa wataalamu wa kompyuta wa hapa na wa ng'ambo, ni kwamba mtumiaji wa kawaida ni mvivu, amezoea kutafuniwa, haelewi kitu chenye vituo vingi. Mimi nakataa. Nakataa kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Mtanzania wa kawaida, mama muuza mboga wa Leganga, ameishi ndani ya mtandao wenye wenyewe wengi kwa zaidi ya miaka ishirini na ameuelewa kuliko hao wataalamu. Hakuuita hivyo tu. Aliuita laini.

Lakini kwanza tukubaliane tunaongea nini, maana neno lenyewe "kugatua" limechoka. Wazee wetu walilijua jambo hili mwaka 1972, mpango wa Madaraka Mikoani, ambapo madaraka yalisemwa yanashushwa chini huku halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikifutwa. Zilirudishwa miaka ya 1980. Kwa hiyo Mtanzania akiambiwa kitu fulani kimegatuliwa ana kila haki ya kuuliza kimegatuliwa kwa nani.

Mfano wangu ninaoupenda uko hapa hapa Makumira. Miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Tumaini kilikuwa kimoja chenye vyuo vishiriki: Makumira, KCMC kule Moshi, Iringa, Dar es Salaam. Mtu akisema "nasoma Tumaini" swali lililofuata lilikuwa "Tumaini ya wapi?" Hakuna aliyeona ajabu. Jina moja, malango mengi, kila lango na mkuu wake na utaratibu wake. Baadaye Iringa na wengine wakajitegemea, na Makumira imebaki na jina la Tumaini.

Mastodon ni hivyo. Ilianzishwa 2016 na kijana wa Ujerumani aitwaye Eugen Rochko. Kila anayetaka anaweza kuweka seva yake, na seva hizo zinazungumza kwa lugha moja, itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la W3C liliipitisha rasmi Januari 2018. Anwani yako ina vipande viwili: jina lako na jina la seva yako, kama barua pepe. Wewe uko seva ya huku, mimi niko ya kule, tunafuatana na kujibizana kama kawaida.

Barua pepe! Hapo wataalamu hupenda kutukumbusha kwamba barua pepe nayo haina mwenyewe mmoja na dunia nzima inaitumia. Kweli. Lakini waulizeni kaka zenu waliokuwa wakilipia nusu saa kwenye intaneti kafe za Arusha mjini miaka ile. Barua pepe ilikuwa Yahoo. Hukuchagua. Dada wa kafe alikufungulia ukurasa wa Yahoo, akakuonyesha pa kuandika jina, na ukitoka pale unasema "nimefungua Yahoo yangu". Kwamba kulikuwa na watoa huduma wengine wengi duniani, na kwamba wote wanaandikiana, uligundua baadaye, siku ulipomwandikia mtu wa ofisi fulani yenye anwani yake, ikafika. Shikeni hilo la dada wa kafe, nitalirudia.

Turudi kwenye laini. Simu za mkononi zilianza kwetu na Mobitel mwaka 1994. Tritel wakafuata 1995, hao wakafa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zantel wakaanza Zanzibar 1999, Vodacom 2000, Celtel 2001. Halotel wakaja 2015. Tazama hiyo orodha halafu tazama Kenya. Kule Safaricom ilikua mpaka ikawa ndiyo simu yenyewe, na M-Pesa ilipoanza Machi 2007 Mkenya hakuwa na haja kubwa ya kumuuliza mwenzake yuko wapi. Sisi hatukupata bahati hiyo, au mkosi huo. Hakuna kampuni iliyotumeza wote. Kwa hiyo swali la kwanza la Mtanzania kwa mtu aliyetaka namba yake lilikuwa: "Una mtandao gani?"

Namba yenyewe ilikujibu. 0754 ni Voda, 0784 ni Celtel (baadaye Zain, baadaye Airtel), 0713 ni Tigo, ambayo zamani ilikuwa Mobitel na baadaye Buzz, na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. 0777, huyo ana Zantel. Ukiisoma namba umejua nyumba ya mtu. Na ulikuwa unahitaji kujua, kwa sababu kupiga ndani ya mtandao kulikuwa rahisi na kutoka nje kulikuwa ghali. Mzee wangu alitembea na simu mbili, moja mfuko wa shati na nyingine kiunoni, na alijua kwa kichwa nani anapigiwa kwa ipi. Zilipoingia simu za Kichina za laini mbili ndipo kiuno kikapumzika. Huyo ni mtu wa darasa la saba anayesimamia akaunti mbili kwenye seva mbili, anabadilisha kufuatana na bei. Nani alimwambia ni vigumu?

Ugumu wa kweli ulikuja na pesa. Vodacom walileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, Zain wakaleta Zap 2009, Tigo Pesa ikaja 2010, Zantel nao walikuwa na yao. Kila moja kisiwa. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, yeye hakupata pesa kwenye simu yake. Alipata ujumbe wenye namba za siri, akatafute wakala wa mtandao wako wewe uliyetuma, asimame foleni, atoe yote taslimu. Akitaka kuiweka kwenye simu yake, aende kwa wakala mwingine akaiweke upya. Fikiria bibi yuko juu kule mlimani, mtoto wake yuko Dar ana Tigo, na wakala wa karibu ana bango la Voda tu.

Watu walifanyaje? Walikunja roho na kununua laini nyingine. Na mawakala wakafanya kitu ambacho nadhani hakijaandikwa vya kutosha: wakaweka mabango yote. Kibanda kimoja, mbao na bati, rangi tatu au nne ukutani, simu nne ndogo kwenye meza, kila moja na floti yake. Kampuni zilikuwa hazizungumzi, lakini meza ya wakala ilikuwa inazungumza. Kaka mmoja wa kibanda pale Usa River, ambaye ameanza kazi hiyo akiwa kijana na sasa ana watoto wa sekondari, aliniambia kwamba miaka ile nusu ya kazi yake ilikuwa kutoa pesa huku na kuiweka kule, mteja yuleyule, dakika ileile. "Mimi ndiye nilikuwa waya," alisema.

Waya halisi ulikuja 2014, Tigo, Airtel na Zantel walipokubaliana mteja wa huku atume kwa wa kule na pesa iingie moja kwa moja kwenye akaunti yake. Vodacom, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na mwenye sababu ndogo kuliko wote ya kufungua mlango, aliingia 2016. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Walikaa mezani, Benki Kuu ikiwaangalia na IFC ikiwasaidia kupanga kanuni, wakaandikiana mikataba wawili wawili. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa Afrika kufika hapo, Kenya wakifuata 2018. Benki Kuu ikaja baadaye na mfumo wake wa TIPS wa kuunganisha benki na mitandao yote pamoja.

Na mtumiaji alitakiwa kujifunza nini? Karibu hakuna. Menyu ileile, namba ya siri ileile, kipengele kimoja kikaongezeka: kwenda mitandao mingine. Yule bibi hakuambiwa habari za itifaki. Aliona pesa imeingia. Jambo pekee aliloendelea kumkumbusha mwanawe ni lile lile la siku zote: "Tuma na ya kutolea."

Tarehe 1 Machi 2017 likaja la mwisho, kuhama mtandao bila kubadili namba. Siku hiyo 0754 ikaacha kuwa ushahidi wa mtu kuwa Voda. Mtaani kwetu sikuona watu wakikimbilia, maana aliyechoka na mtandao mmoja alishazoea kununua laini ya pili. Hata hivyo mlango upo. Wale wa KKKT watanielewa: ukihama usharika unaondoka na barua, huanzi upya darasa la kipaimara.

Sasa weka historia hiyo kando ya ukurasa ule wa Mastodon ambao wanafunzi wangu waliufunga.

Mtu wa laini hakuanza kwa kuchagua kampuni. Alianza na mtu. Mchumba ana Tigo, basi nitanunua Tigo. Bosi ana Voda. Laini ilikuwa njia ya kumfikia mtu fulani mwenye jina na sura. Mastodon ilikuuliza uchague nyumba kabla hujajua nani anaishi mtaa huo, na maelezo ya kila nyumba yaliandikwa na mgeni usiyemjua, aliyeko nchi usiyoijua, akisimulia kanuni za ndani. Huo si ugumu wa akili. Mtu akishushwa stendi usiku na kuulizwa anataka kulala kwa nani, naye atarudi kwenye basi.

Halafu hakuna dada wa kafe. Hakuna wakala. Namba ya siri ya M-Pesa ukiisahau kuna pa kwenda, kuna mtu utamkodolea macho mpaka akusaidie. Seva ya Mastodon mara nyingi inaendeshwa na mtu mmoja mwenye kazi nyingine, kwa michango. Mwaka 2023 seva moja iitwayo mastodon.lol, yenye watu kama 12,000, ilifungwa kwa sababu mwendeshaji wake alichoshwa na matusi na ugomvi, akatoa taarifa ya miezi mitatu na kuondoka. Nani wa kumlaumu? Lakini ona tofauti. Kibanda cha Usa River kikifungwa, pesa zako zipo, kwa sababu kibanda si mtandao. Kule kibanda ndicho mtandao. Unaweza kuhama na wafuasi wako, ila maandishi yako ya zamani hayahami.

Na seva hununiana. Mwaka 2019 mtandao wa Gab wa Marekani, maarufu kwa chuki, ulihamia kwenye programu ya Mastodon, na seva nyingi zikakata mawasiliano nao. Vizuri, nami ningekata. Ila maana yake ni kwamba unaweza kumtafuta rafiki yako usimpate, si kwa kosa lako wala lake, bali kwa sababu wenye nyumba wamekosana. Sisi tuliwahi kuishi hivyo na pesa kabla ya 2014, na hatukupapenda.

Wenyewe wameliona. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, waliokuwa wakitumia Mastodon kwa mwezi walipanda kutoka kama 300,000 hadi zaidi ya milioni 2.5, na wengi hawakudumu. Mei 2023 waundaji wake wakabadili programu yao ya simu: anayejiunga anapelekwa moja kwa moja seva yao kubwa ya mastodon.social, anayetaka kuchagua achague. Wakongwe walinung'unika kwamba ugatuaji unasalitiwa. Bluesky nao, waliofungua milango kwa kila mtu Februari 2024, wana mfumo unaoruhusu seva nyingi, lakini karibu kila anayeingia anaanzia kwao na hajui kama kuna kwingine. Ni Yahoo ya dada wa kafe ile ile. Mimi sioni usaliti. Mtu aingie kwanza, mlango wa kutokea uwe wazi, atauona siku akiuhitaji.

Ila, wadau, kuna upande wa pili wa historia ya laini ambao nisingependa niuruke kwa sababu tu mfano wangu unapendeza. Urahisi ule ulikuwa na bili. Mitandao yetu ilishikamana kwa sababu juu yake kulikuwa na mkono: leseni, TCRA, Benki Kuu, na kuanzia Mei 2019 usajili wa laini kwa alama za vidole. Mnakumbuka foleni za NIDA kabla ya tarehe 20 Januari 2020. Namba inafika popote, pesa inafika popote, na kila namba ina kidole. Wenye mitandao walikuwa wachache kiasi cha kutosha meza moja, na ndiyo maana walikubaliana. Wangekuwa elfu kumi, kila mmoja na seva yake chumbani, nani angewaitisha kikao?

Ndiyo maana naona lile swali la "ipi?" halina jibu la fundi peke yake. Tungetaka kurudia tulichofanya kwenye laini, tungehitaji seva ya hapa nyumbani yenye watu wa hapa nyumbani, ya chuo, ya chama cha waandishi, ya wanasheria, ili mtu aingie kwa sababu anamjua aliye ndani. Kitaalamu haihitaji maajabu. Kompyuta ya kukodi na kijana mmoja mwenye subira. Nilimuuliza mhadhiri mmoja kama chuo kinaweza kujaribu. Akacheka, akasema tuanze na kanuni.

Kanuni zenyewe: kwa kanuni za 2018 anayetoa maudhui mtandaoni Tanzania alitakiwa kuwa na leseni ya TCRA, na mwaka ule gharama zake zilihesabiwa kufika zaidi ya dola 900 za Marekani. JamiiForums ilijifungia kwa muda Juni 2018 kwa sababu hiyo. Zilirekebishwa 2020 na 2022, lakini anayehifadhi maandishi ya wengine bado anabeba mzigo wa maandishi hayo. Septemba 2025 JamiiForums hao hao, wenye leseni, walisimamishwa siku 90. Mwendesha seva mwenye wanachama mia mbili wa kujitolea atasimama wapi hapo? Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, seva nyingi au moja zilikuwa ni kitu kimoja. Kimya.

Kwa hiyo wale wanafunzi watatu hawakuwa wavivu. Walipima mambo kwa haraka kuliko mimi nilivyokuwa naeleza. Mmoja wao, yule aliyeuliza swali, amefungua akaunti hivi karibuni, kwenye seva ya mwalimu mmoja wa Ufaransa anayefundisha Kiswahili. Nilimuuliza kwa nini ile. Akaniambia kuna binti anamfuata kule.